Ada ya Chama: Somo Kutoka kwa Wapiga Obo na Basuni

Kama wewe ni mweka hazina, hii unaijua. Ada imetangazwa, tarehe imepita, na bado unapiga simu moja moja: "Ndugu, umetuma?" Sasa fikiria wanachama wako wangekuwa wametawanyika duniani kote. Kuna chama kinachoishi hivyo, na leo tunajifunza kwake.

International Double Reed Society kilianzishwa Marekani mwaka 1971. Huwaunganisha wapigaji wa obo na basuni, ala zinazolia kwa vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja, kama zumari letu la Pwani. Okestra moja huwa na wapigaji wachache tu wa ala hizi. Wengi wao hujichongea matete kwa kisu, na tete likichoka unaanza upya. Ukikwama, wa kumuuliza huenda yuko nchi nyingine. Ndiyo maana wanahitaji chama.

Na chama kinahitaji ada. Wanachama hupata jarida, The Double Reed. Vijana wana mashindano yao. Kila mwaka kuna mkutano unaohama: Tokyo 2015, Granada 2018, Bangkok 2023. Tuchukue nini hapo?

1. Mwanachama ajue analipia nini

Mtu aliye mbali hashurutishwi na macho ya majirani. Atalipa akiona faida. Kwa hivyo usiandike "ada ya mwaka" tu. Andika: ukumbi, mwalimu mgeni, ukarabati wa ala. Hata asiyeweza kuja kwenye mkutano aone kuna kitu chake.

2. Panga viwango, kisha piga hesabu

Vyama kama hivi huwa na ada nafuu ya wanafunzi. Tuseme kikundi chako cha wapiga filimbi, klarineti na zumari kina watu 60. Watu 40 wanalipa KSh 2,000, na wanafunzi 20 wanalipa KSh 1,000. Jumla ni KSh 100,000. Lakini wakubwa 15 wakichelewa, KSh 30,000 haipo. Kama laki yote ulikuwa umeshaipangia kazi, ukumbi utaulipa na nini? Tumia iliyoingia, si iliyoahidiwa.

3. Amueni nani analipa gharama ya kutuma

Mwanachama aliye Kampala au Berlin anaweza kutuma ada kamili, nawe ukapokea pungufu kwa sababu ya makato na ubadilishaji wa fedha. Tuseme imepungua KSh 150 kwa kila mmoja. Watu kumi, tayari umekosa KSh 1,500. Andikeni kwenye kanuni: anayetuma analipa gharama, au chama kinaibeba. Mkinyamaza, mtagombana na mtu ambaye hana kosa.

4. Pesa za chama zisikae kwenye laini ya mtu

Hapa ndipo vyama vingi huumia, hata bila mwizi. Simu ikipotea, au mweka hazina akifariki, familia yake itajuaje ipi ni ya marehemu na ipi ni ya chama? Wanachama wanaanza kunong'onezana, na mtu aliyejitolea miaka mingi anaachwa na jina baya. Mwaka unaofuata hakuna anayetuma ada.

Fungueni akaunti kwa jina la chama, yenye waidhinishaji wasiopungua wawili, pamoja na nambari ya Paybill. Mpeni kila mwanachama nambari yake ya uanachama, aiandike kwenye sehemu ya akaunti anapolipa. Hivyo malipo ya mwanachama wa 17 yatajulikana ni yake hata kama ametumia simu ya shemeji.

Fanya haya wiki hii

- Toa orodha ya wanachama na umpe kila mmoja nambari.
- Wekeni tarehe moja ya kulipa, na ukumbushe wiki mbili kabla, si wiki mbili baada.
- Kila mwezi tuma taarifa fupi kwenye kundi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki.

Hiyo ya mwisho usiiruke. Mwanachama aliye mbali hawezi kuchungulia kwenye daftari lako. Anachokijua kuhusu pesa yake ni kile unachomtumia. Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN ya chama, hata akijua jina lako kamili.

Je, chama chenu hukusanyaje ada? Tuandikie, tujifunze pamoja.