Misingi ya Majumba Marefu Penye Mwamba Usio Sawa

Mtu achimbaye kisima au choo katika nchi ya Samia, upande wa Sio Port, huenda akakutana na tabaka gumu la moramu kabla hajafika mbali. Sururu hugonga na kuruka, naye husema kwamba sasa amefika mwambani. Lakini akizidi kuchimba, mara nyingi huona jambo la kustaajabisha: chini ya ugumu ule mna udongo laini wenye madoadoa mekundu na meupe, na mwamba wenyewe ungali mbali. Moramu si mwamba wa asili, bali ni udongo ulioshikamanishwa na chuma katika maelfu mengi ya miaka, maji ya ardhini yakipanda masika na kushuka kiangazi. Nyumba ya chini hukaa salama juu yake. Lakini uzito wa jumba la orofa kumi hupenya hata chini ya tabaka hilo, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwamba wa itale, yaani graniti, nao hudanganya. Hauozi sawasawa. Maji hupita katika nyufa zake na kuulainisha, na katikati husalia mabonge magumu yaliyozungukwa na udongo, kama kokwa ndani ya embe. Kit Mikayi, karibu na Kisumu, huonyesha jinsi mabonge hayo yanavyoweza kuwa makubwa. Keekee ikigonga bonge la namna hiyo mita sita chini, mjenzi mwenye haraka huandika “mwamba” na kuagiza zege.

Katika Nairobi hila ni nyingine. Mji ule umejengwa juu ya miamba iliyotoka katika volkano kwa nyakati mbalimbali, na baina ya tabaka na tabaka mlibaki majivu na udongo. Kwa hiyo jiwe gumu kabisa laweza kulala juu ya kitu kisagikacho mkononi. Katika nchi hiyo limesimama jumba la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka 1973, lenye kimo cha mita 105 hivi, na Britam Tower ya mwaka 2017, yenye mita 200.

Hapana budi, basi, kuchunguza kwanza. Keekee yenye meno ya almasi hutoboa ardhi na kutoa vijiti vya mawe, navyo hulazwa katika visanduku kwa kufuata kina chake. Injinia hupima vipande vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi. Ikiwa katika mita moja jumla yake ni sentimita 90, mwamba ni mzima. Ikiwa ni 20 tu, umevunjikavunjika. Tena keekee haisimami inapogonga ugumu. Huendelea mita kadhaa, ili ijulikane kama ni mwamba au ni bonge tu. Wala tundu moja halitoshi, kwa kuwa la pili, hatua kumi kando, laweza kutoa habari tofauti kabisa.

Wenye viwanja hunung'unikia gharama hii, maana jumba likiisha haionekani. Katika San Francisco, Marekani, Millennium Tower yenye orofa 58 ilikamilika mwaka 2009 juu ya nguzo zilizoishia katika mchanga, mbali na mwamba. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba jumba limekwisha kuzama kiasi cha sentimita 40 na kuinama. Zikaongezwa nguzo 18 za kufika mwambani, kazi iliyokwisha mwaka 2023 kwa dola milioni 100 hivi.

Penye mwamba usio sawa, nguzo za msingi hazilingani kwa urefu. Moja yaweza kuwa ya mita 8 na jirani yake ya mita 20, wala si kosa, mradi kila moja imeingizwa katika mwamba mzima kwa kiasi kilichohesabiwa. Uzito hubebwa na kitako cha nguzo pamoja na mbavu zake zinazokamatana na mwamba. Kwa hiyo tundu husafishwa sana. Tope likisalia chini, nguzo imesimama juu ya uji. Penye maji, kama ilivyo karibu na ziwa, zege haimwagwi kutoka juu, maana saruji itaoshwa ibaki kokoto. Hupitishwa katika bomba lifikalo chini kabisa, na mdomo wa bomba husalia ndani ya zege muda wote linapopandishwa. Zege ikishakuwa ngumu, baadhi ya nguzo hupakiwa uzito uzidio ule zitakaobeba, na kushuka kwake hupimwa kwa milimita.