Riwaya za Upelelezi: Maswali Matatu ya Kumuuliza Mwandishi

Darasani tunaziita "riwaya pendwa", na mara nyingi jina hilo linatamkwa kwa kubeza, kana kwamba kitabu kikipendwa na watu basi hakina la kuchambuliwa. Mimi sikubaliani. Likizo hii nikiwa nyumbani Karatu nimesoma tatu, na zimenipa maswali matatu ambayo wewe mwenzangu unaweza kuyatumia kwa riwaya yoyote ya aina hii.

Swali la kwanza: ushahidi uko wapi? Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa 1960, baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau. Maiti inakutwa mzimuni, Unguja, mahali panapoogopwa. Rahisi kusema mizimu imeua, kesi imeisha. Bwana Msa hakubali; anatafuta mkono wa mtu. Kweli ana undugu na Sherlock Holmes, na Najum anafanya kazi ileile ya Dk. Watson. Lakini somo lake ni letu kabisa: hofu si ushahidi. Kwenye jamii ambayo kifo cha ghafla bado kinatafutiwa mchawi kwanza, hilo si jambo dogo. Kasoro yake? Msa huwa mbele yetu mno, msomaji anabaki kushangilia tu.

Swali la pili: kosa linamuumiza nani? Kwenye Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, Willy Gamba anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru. Unaweza kusema, karatasi tu hizo! Kumbuka Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa Dar es Salaam, na Msumbiji haikuwa huru hadi 1975. Siri ikivuja, watu wanakufa msituni. Ndiyo maana kitabu kinakimbiza moyo hata leo. Ila wanawake wake wengi ni ama chambo ama zawadi ya shujaa, na hilo tulijadili bila kumwonea haya Willy Gamba.

Swali la tatu: mahali panafanya kazi gani? The Lioness ya Mmarekani Chris Bohjalian (2022) inatuletea wacheza filamu wa Hollywood wanaotekwa Serengeti mwaka 1964. Inasomeka haraka, na mateka wanaogopa wanyama kama wanavyoogopa bunduki. Lakini ukiijua hii nchi unahisi kitu kinakosekana: pori limejaa hatari, majirani wa pori hawaonekani sana.

Sasa tuangalie kwetu. Geti la Loduare, juu kidogo ya Karatu, hufungwa saa 12 jioni. Kreta ya Ngorongoro ina kina cha mita 600 hivi na ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi. Barabara ya Seneto ni ya kushukia tu, ya Lerai ni ya kupandia tu. Agatha Christie alihitaji theluji kuzuia treni ili muuaji asitoroke. Huku kwetu geti na saa vinatosha. Mpelelezi atauliza: gari lililoshuka asubuhi lilipanda saa ngapi, likiwa na watu wangapi? Halafu atahitaji kuwasikiliza mchungaji wa Kimaasai, mpishi wa lodge, mchuma kahawa wa Karatu na dereva aliyelala garini. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na mmoja wao anadanganya.

Tena nyayo tunazo! Laetoli, ndani ya eneo hilohilo la hifadhi, timu ya Mary Leakey ilikuta mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Wataalamu wakasoma mwendo na urefu wa hatua. Upelelezi ni kazi hiyohiyo: kidogo kilichobaki kinalazimishwa kusema.

Tusipoandika wenyewe, kreta itaendelea kuwa pazia nyuma ya wageni. Kwa hiyo zoezi ni hili: chagua riwaya moja, ijibie maswali haya matatu kwa kurasa mbili. Kisha andika sura ya kwanza ya kisa chako, kianzie getini, dakika tano kabla ya saa 12.