Kusimba Mafaili ya Kompyuta: Siri Hukaa katika Ufunguo

Mnamo mwaka 1991 ulianzishwa mkoani Mwanza utafiti juu ya magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI katika jamii 12 za vijijini, zikiwemo za mwambao wa Ziwa Viktoria na za visiwani. Watu wazima wapatao 12,000 walipimwa na kufuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba mahali palipoboreshwa tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizo mapya ya virusi yalipungua kwa takriban asilimia 40. Hesabu hiyo ilisomwa ulimwenguni kote. Lakini nyuma ya hesabu za namna hii pana taarifa za mtu mmoja mmoja, na katika kijiji cha wavuvi, ambamo kila mtu amjua mwenziwe, jina moja likitoka laweza kuvunja ndoa.

Siku hizi taarifa kama hizo huwekwa katika kompyuta, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka zilindwe. Wengi hudhani kuwa neno la siri linaloulizwa kompyuta iwashwapo latosha. Sivyo. Neno hilo ni bawabu wa mlangoni tu. Ikiwa diski yenyewe haikusimbwa, mwizi huing'oa, huiunga na kompyuta nyingine, na kusoma kila kitu.

Kusimba ni kuyageuza maandishi yasisomeke ila kwa mwenye ufunguo. Chukua alfabeti ya Kiswahili, isiyo na Q wala X, yenye herufi 24. Kila herufi isogezwe mbele nafasi 3, na baada ya Z hesabu irudie A. MWANZA huwa PADRCD. Hapa kanuni ni kusogeza. Ufunguo ni 3. Fumbo hili ni dhaifu mno, kwani funguo zake ni 23 tu, na mwanafunzi mwenye kalamu huzijaribu zote kabla ya kengele kulia. Tena Kiswahili chenyewe humsaidia mdukuzi: karibu maneno yote huishia kwa irabu, hivyo herufi za mwisho wa maneno hufichua upesi irabu ni zipi.

Kanuni ya AES, iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kukubaliwa rasmi Marekani mwaka 2001, haiachi alama kama hizo. Huchukua fungu la biti 128 na kulivuruga kwa duru 14 ufunguo uwapo wa biti 256. Idadi ya funguo hizo ni 2 kwa kipeo cha 256, yaani namba yenye tarakimu 78.

Kanuni hiyo imo katika programu za bure kama VeraCrypt, ambayo hutengeneza kasha la kuwekea mafaili, na 7-Zip, ambayo hufunga folda nzima. Katika 7-Zip yafaa kuchagua umbo la 7z na kusimba majina ya mafaili pia. Jina la faili pekee laweza kutoa siri.

Mwanafunzi makini atauliza: maelekezo ya programu huria yako wazi kwa wote, mwizi naye akiwemo, usalama uko wapi? Auguste Kerckhoffs alikwisha jibu mwaka 1883: mfumo bora hubaki salama hata adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo. Uwazi huwapa wataalamu nafasi ya kutafuta kasoro. Programu iliyofichwa humtaka mtumiaji aamini neno la muuzaji.

Basi udhaifu huhamia kwa binadamu, achaguaye “Mwanza2024”. Darasa na liandike orodha ya maneno 1,296 kutoka kamusini, kila neno na namba yake ya kurusha dadu mara nne. Maneno sita yaliyopatikana kwa bahati hiyo yana michanganyiko 6 kwa kipeo cha 24, yaani zaidi ya 4 ikifuatwa na sufuri 18. Kompyuta ijaribuyo milioni moja kila sekunde itahitaji miaka 150,000 hivi kuimaliza yote.

Yakisahauliwa maneno hayo, hakuna fundi awezaye kulifungua kasha. Kwa hiyo yaandikwe karatasini na kufungiwa mbali na kompyuta, na nakala ya kasha iwekwe mahali pengine. Faili la awali nalo lisiachwe katika flashi mezani, maana kusimba nakala hakuligusi.