Mafuta ya Mjane na Mtaji wa Kina Mama

Somo: 2 Wafalme 4:1-7. Soma pia 1 Wafalme 17:8-16 na Mithali 31:10-31.

Neno hili lilihubiriwa Jumapili iliyopita katika ibada ya pili, na kina mama kadhaa wameniomba niliandike, maana kama alivyoniambia mmoja wao mlangoni, "Pasta, leo uliongea mbio." Ni kweli. Nikifika kwenye hesabu nasahau kwamba si kila mtu alikaa miaka minne akisomea biashara. Kwa hivyo leo twende polepole. Nawaandikia kina mama wenye biashara: mboga, mitumba, saluni, cherehani, hoteli, duka la mtaa. Ndugu zangu wanaume, msigeuze ukurasa, yenu iko hapo mbele.

Huyu mjane alikuwa mke wa mtumishi. Biblia inasema wazi kwamba mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, na kwamba alimcha Bwana. Lakini alikufa akaacha deni. Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu tuna tabia ya kumwangalia mtu mwenye deni kanisani kama mtu mwenye dhambi iliyofichika. Hapa kuna nyumba ya mtu wa Mungu, mdai amesimama mlangoni, na anachotaka kuchukua si televisheni wala viti. Anataka watoto wawili wawe watumwa wake. Leo hakuna anayekuja kuchukua mtoto wako, lakini mama, wewe unajua mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo anavyotembea na mkoba mgongoni saa nne asubuhi. Deni bado linafikia watoto.

Elisha anamuuliza: una nini nyumbani? Hilo swali, kwa sisi tuliosomea biashara, ni kuhesabu stoki. Sikia sasa jibu lake. Anaanza kwa kusema hana kitu, ndipo anakumbuka chupa ya mafuta. Nimesikia jibu hilo mara nyingi katika kanisa hili. Namuuliza mama anafanya kazi gani, ananiambia, "Niko tu nyumbani Pasta, nauza-uza mandazi kidogo." Nauza-uza! Mama huyo anaamka saa kumi usiku, analisha vijana wa mjengo kabla hawajaanza kazi, analipia watoto wawili karo, na bado anasema yuko tu nyumbani. Mama, ukiidharau chupa yako mwenyewe hutaiwekea hesabu, na kitu kisichowekewa hesabu kinaisha bila wewe kujua kiliisha lini.

Halafu anaambiwa akaazime vyombo kwa majirani. Angalia alichoazima. Hakuazima mafuta. Hakuazima pesa wala unga wa kupikia watoto jioni hiyo. Aliazima vyombo vitupu, vitu vya kumwezesha kuuza zaidi, na vinavyoweza kurudishwa kwa mwenyewe vikiwa vile vile. Siku hizi kukopa kuko kwenye vidole. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022 mkopo wake wa kwanza ulikuwa wa kurudisha ndani ya siku 14, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Fuliza inakukata kitu kila siku deni linapobaki. Sisemi usikope. Mwenye kuchukua asubuhi akanunua mboga, akauza, akarudisha jioni, ameazima chombo. Aliyechukua akanunua keki ya sherehe ya mtoto wa dada yake amekunywa mafuta. Simu ni ile ile na ujumbe unaoingia ni ule ule, kwa hivyo ni wewe peke yako unayeweza kutofautisha.

Na anaambiwa afunge mlango. Wahubiri wengi tunapita hapa haraka. Mimi naona Elisha alijua watu. Fikiria mlango ungekuwa wazi: shemeji angeingia kuomba chupa moja tu, jirani angesema mbeba chombo hana budi kupewa nusu, na mdai naye angehesabu kutoka dirishani. Kuna mama hapa ambaye kibanda chake hakina mlango. Mume anapita jioni, anavuta droo, anachukua mia tano, anaenda. Hasemi ameiba, maana "si ni ya nyumba?" Ndugu yangu, ile si ya nyumba. Nusu yake ni ya mwenye nyanya sokoni, bado tu hajaidai. Chukua kitabu uone ni kiasi gani kilikuwa faida siku hiyo, ndipo muongee wawili kama mke na mume. Na sisi watu wa kanisa pia, wacha tusemane ukweli. Tunachukua sukari na mafuta kwa mkopo kwa dada Fulani kwa sababu tunaimba naye kwaya, mwezi unaisha, tunabadilisha njia ya kwenda steji. Dada naye anaona aibu kudai kwa sababu "ni mpendwa." Mpendwa alipe. Nasema hivyo kwa upendo.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nihubiri somo hili, na Mchungaji Kiongozi amenikubalia niliseme bila kuzungusha.

Miaka michache iliyopita, nikiwa bado mgeni katika utumishi, nilipewa nafasi ya kuhubiri ibada ya katikati ya wiki. Nikachukua mjane wa Sarepta, yule ambaye Eliya alimwambia ampikie yeye mkate mdogo kwanza. Nilihubiri nikapata moto. Nikawaambia watu wapande mbegu ya kile cha mwisho walicho nacho. Dada mmoja aliyeuza viatu vya mitumba akaja mbele na shilingi 12,000. Nilimwekea mikono nikamwombea. Sikumuuliza pesa hiyo ni ya nini. Mtu mwenye digrii ya biashara, na sikuuliza! Ilikuwa pesa ya mzigo, na sehemu yake ilikuwa ya mwenzake waliyekuwa wananunua pamoja.

Wiki iliyofuata hakuwa na viatu vya kuuza. Mwenzake akaondoka kwa hasira. Kibanda kikafungwa, na naye akaacha kuja kanisani, na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani amerudi nyuma kiimani. Nilikutana naye baada ya karibu mwaka mmoja akiosha vyombo katika hoteli ya mtu. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama bado nahubiri Jumatano. Usiku huo sikulala. Nimemrudishia ile pesa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu, na ya mwisho niliimaliza mwaka huu. Kibanda chake hakikurudi. Amenikubalia niandike haya bila jina.

Tangu hapo nimekuwa nikizisoma hizi habari mbili za wajane pamoja, ya Sarepta na hii yetu. Kule Sarepta Mungu mwenyewe alikuwa amesema na Eliya kuhusu yule mama kabla hawajaonana, na neno likaja na ahadi kwamba unga hautaisha. Ilikuwa kwa mama mmoja, mahali pamoja, wakati wa njaa. Hapa kwa Elisha, nabii yuko, muujiza uko, mafuta yamejaa nyumba nzima, na nabii haombi hata chupa moja. Mama anarudi kwake kumpa ripoti, na anaambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Mdai anatangulia. Chakula cha nyumbani kinafuata. Mimi sikuwahi kuuona mpangilio huo, maana nilikuwa naisoma habari hii nikitafuta muujiza peke yake.

Kwa hivyo dada yangu, ukija mbele na pesa iliyo na deni la mtu, mimi nitakuuliza ni ya nini. Usione nimekosa imani.

Hapo ndipo linakuja swali la zaka, ambalo nimeulizwa na zaidi ya mama mmoja kwa sauti ya chini: je, natoa fungu la kumi la mauzo au la faida? Wacha nipige hesabu, nanyi chukueni kalamu. Tuseme mama anauza nyanya. Kreti ananunua 5,000. Usafiri 300. Ushuru wa soko 50. Mifuko 100. Jumla ametumia 5,450. Jioni amemaliza kreti na ana 6,600 mkononi. Faida yake ni 1,150. Sasa akitoa zaka ya mauzo ni 660, anabaki na 490. Bado hajapika. Nyumbani kwake kila siku kunataka 800, kwa hivyo 310 inatoka wapi? Inatoka kwenye pesa ya kreti ya kesho. Kwa siku sita za soko hiyo ni 1,860, zaidi ya theluthi moja ya mtaji wake, na wiki haijaisha. Mama huyo ataambia watu kwamba kuna mkono unaomfuata. Atafunga siku tatu akiomba. Kufunga ni kuzuri, lakini ile 310 itaendelea kutoka.

Akitoa zaka ya faida ni 115. Anabaki na 1,035, anatoa 800 ya nyumba, na 235 inabaki ya kuweka. Siku sita, 1,410. Hiyo ndiyo inayonunua kreti ya pili.

Kumbukumbu la Torati 14:22 linaongea juu ya zaka ya maongeo ya shamba, kile ambacho ardhi imetoa mwaka kwa mwaka. Pesa ya kreti ni mbegu ya kesho, haijawa maongeo. Najua wako watumishi ninaowaheshimu wanaofundisha tofauti, na kama moyo wako una amani kutoa zaidi, na hakuna anayekudai, toa kwa furaha, sitakuzuia. Lakini mtu asikuambie umemwibia Mungu kwa sababu ulimlipa mwenye nyanya.

Ni lazima ujue faida yako, na hapo ndipo wengi wetu tunashindwa. Yule mwanamke wa Mithali 31 tunamhubiri kila Siku ya Mama, tunamsifu kwa kuamka mapema, lakini msitari wa 18 unasema alijua kwamba biashara yake ina faida. Alijua. Na hapo hapo unasema taa yake haikuzimika usiku. Mimi huwa nasema alikuwa anapiga hesabu. Kina mama wa kwaya walicheka Jumapili, lakini sikuwa natania sana.

Anza na daftari la shilingi hamsini. Upande mmoja andika kilichotoka, upande wa pili kilichoingia, kila siku kabla ya kulala, hata kama macho yanafumba. Pesa ya biashara ikae na tili yake au laini yake ya simu, ile ya nyumba ikae na yake. Na ujilipe mshahara. Ndiyo, wewe. Amua ni shilingi ngapi kwa siku, hata kama ni mia tatu, uchukue hiyo na usiguse nyingine. Nimeona mama aliyeendesha saluni miaka sita ambaye hakuweza kuniambia amepata kiasi gani kwa mwezi, kwa sababu kila mia iliyoingia ilikuwa inatoka hapo hapo ikiwa nauli, ikiwa gesi, ikiwa mchango wa harusi. Alipoanza kujilipa, wiki mbili za kwanza aliniambia ni ngumu kuliko kufunga. Mwezi wa tatu aligundua wasusi wake wawili walikuwa wanapata pesa nyingi kuliko yeye mwenyewe saluni. Alikasirika sana. Ilibidi tuombe kwanza ndipo tukapanga bei upya.

Kuna jambo moja katika somo ambalo sijalimaliza, nalo ni kwamba yule mjane alimrudia Elisha kabla ya kuuza. Alikuwa na mafuta tayari, soko liko, mdai anasubiri, na bado akaenda kuuliza. Wengi wetu tunakuja kuomba ushauri baada ya pesa kuisha, na wakati huo nabii hana la kukuambia ila pole. Njoo ukiwa bado na mafuta.

Kwa hivyo kuanzia Alhamisi hii, baada ya maombi ya kina mama, nitakuwa katika chumba cha shule ya Jumapili pamoja na dada wawili wanaofanya kazi ya uhasibu. Njoo na daftari lako, hata kama lina kurasa mbili tu. Kama huna, njoo na meseji za M-Pesa za mwezi uliopita kwenye simu, tutaanzia hapo. Hakuna sadaka itakayochukuliwa. Mlango utafungwa, na kinachosemwa mle kitabaki mle. Watoto wataangaliwa na vijana kwenye ukumbi.