Kisu cha kukunja cha majarubani

Swali: Nalima mpunga Madibira. Kisu changu cha kukunja kimeshika kutu na kufuli limelegea. Je, chenye mpini wa titaniamu kinafaa?

Jibu: Kinafaa sana, ndugu. Titaniamu haishiki kutu, na uzito wake ni kama asilimia 60 tu ya chuma. Lakini kagua kufuli kwanza. Katika muundo wa mtengenezaji visu Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, ubavu wa mpini wenyewe hujibana nyuma ya bapa likifunguka. Tatizo, titaniamu ni laini kuliko bapa, hivyo hulika. Tafuta chenye kipande cha chuma kigumu hapo panapogusana. Skrubu ziwe za kufungua mwenyewe, uoshe tope. Bapa la chuma cha pua, sentimita 8, linatosha kamba na viroba. Mpunga uachie mundu.