Safari Moja Tu ya Kayanga: Vidokezo 9 vya Kupata Cheti cha Kuzaliwa Karagwe na Kyerwa

Unamjua yule mama wa kiti cha nyuma kwenye Hiace ya alfajiri, bahasha ya kaki kaikumbatia ndani ya kanga kama mtoto mchanga? Kaamka saa kumi usiku. Saa nne asubuhi yuko dirishani. Saa nne na robo anaambiwa, “Mama, jina la baba kwenye hii karatasi na hii nyingine halifanani.” Basi. Nauli imeliwa, siku ya shamba imeliwa, na wiki ijayo anarudi tena. Ukijumlisha na chai na chapati za stendi, ada ya serikali inakuwa ndiyo gharama ndogo kuliko zote!

Hatutaki yakukute. Habari njema ni kwamba kazi ya cheti, sehemu kubwa, unaimaliza nyumbani kwako mezani. Ofisini unakwenda kupigiwa mhuri tu. Haya, vuta kiti.

1. Gonga mlango wenyewe

Vyeti vinatolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Makao makuu yako Dar es Salaam, lakini tulia, huendi huko. Wilayani, huduma za RITA ziko ofisi ya Mkuu wa Wilaya: kwa Karagwe ni Kayanga, kwa Kyerwa ni Rubwera. Mwambie bodaboda “nipeleke kwa DC”, usimwambie “nipeleke halmashauri”. Ni ofisi mbili tofauti, na kuna watu wamekaa foleni ya leseni ya biashara saa mbili nzima wakidhani wako kwenye vyeti.

2. Wa Kyerwa, angalia mwaka kwanza

Hapa ndipo wengi wanapozungushwa, na kosa si lao. Wilaya ya Kyerwa ilianza 2012, ikimegwa kutoka Karagwe. Maana yake, aliyezaliwa Nkwenda, Kaisho au Murongo mwaka 1995 alizaliwa wilaya ya Karagwe, na leo anaishi Kyerwa bila kuhama hata hatua moja! Kama alisajiliwa miaka hiyo, cheti chake kitasema Karagwe, na kumbukumbu zake zitafutwe kwa jina la Karagwe. Usihangaike “kusahihisha” wilaya, maana haijakosewa. Wazee wetu wenye vyeti vya zamani zaidi watakuta hata mkoa umeandikwa Ziwa Magharibi, jina tulilokuwa nalo kabla ya kuitwa Kagera.

Hujawahi kusajiliwa kabisa? Anzia wilaya ambayo kijiji ulichozaliwa kipo sasa, na utaje kijiji, kata na mwaka kwa pumzi moja. Karani akisikia “nimezaliwa Nkwenda, 1995” atajua pa kukuelekeza. Akisikia “nimezaliwa huku huku kwetu”, mtakesha.

3. Tangazo si cheti, waitu!

Ile karatasi unayopewa mama anapojifungua, iwe Nyakahanga, Nyakaiga au zahanati ya kijijini, inaitwa tangazo la kizazi. Ni ushahidi wa kuombea cheti, si cheti chenyewe. Wangapi wameikunja vizuri, wakaifungia sandukuni, wakaja kushtuka siku ya kuandikisha darasa la kwanza? Mtoto akizaliwa nyumbani, nenda haraka kwa mtendaji wa kijiji au wa kata akuelekeze namna ya kupata tangazo, angali anakumbuka siku aliyosikia vigelegele. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Ukichelewa bado utasajili, ila masharti na ada vinakuwa vingine.

Na kama mtoto hajatimiza miaka mitano, una bahati. Mwaka 2013, kwa kuanzia Mbeya, RITA ilianza kusogeza usajili wa watoto hawa hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, cheti kikitoka bila ada. Mpango ukaendelea mkoa kwa mkoa. Kwa hiyo mtoto wa umri huo usimpakie Hiace kabla hujaulizia zahanati na ofisi ya kata. Mbinu yangu: beba tangazo siku ya chanjo ya surua ya miezi tisa. Uko pale pale, muuguzi yuko pale pale, uliza! Usishangae cheti hicho kikiwa kimejazwa kwa kalamu ya mkono. Ni halali kama kile cha kompyuta.

4. Malizeni vita vya R na L mkiwa nyumbani

Tukiri, Wanyambo wenzangu: R na L kwetu ni mapacha. Rwegasira leo, Lwegasira kesho. Kyaruzi kanisani, Kyaluzi shuleni. Mimi mwenyewe nina karatasi tatu, na jina la marehemu babu limeandikwa kwa namna tatu. Mwalimu aliandika alivyosikia, katekista alivyosikia, na muuguzi alikuwa amechoka. Sikuliona hilo mpaka nilipokuwa mbele ya dirisha na watu kumi na wawili nyuma yangu, na nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Mbinu ni hii. Usiku mmoja, baada ya chakula, tandaza karatasi zote mezani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, kitambulisho cha taifa cha baba na cha mama. Soma jina moja moja, herufi kwa herufi, na mtu mwingine afuatishe kwa kidole. Mkiona tofauti, amueni jina lipi ndilo, kisha mwende kurekebisha kule kulikokosewa kabla ya kuomba cheti. Kumbuka cheti cha kuzaliwa ndicho mama wa karatasi nyingine. Kikitoka na L, hiyo L itakufuata NIDA, Uhamiaji na benki.

Kuna jingine. Kwetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe la asili, kwa hiyo ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano ya mwisho. Ni utamaduni mzuri, ila fomu haiuelewi. Yenyewe inataka jina la kwanza, la kati na la mwisho. Fanyeni kikao kidogo cha familia, mpange mpangilio mmoja wa watoto wote. Bibi naye awepo, la sivyo atawapinga baadaye.

Na siku ya kwenda, yaandike majina yote kwa HERUFI KUBWA kwenye kikaratasi, umkabidhi karani. Usimtamkie! Karani kutoka Mara au Mtwara hana kosa akisikia L.

5. Beba ushahidi, maelezo acha nyumbani

Kwa mtu mzima anayeomba kwa mara ya kwanza, hasa aliyepita miaka kumi, hadithi ya “mama alinizaa msimu wa kahawa” haitoshi, hata kama ni ya kweli. Zinazoongea ni karatasi: kadi ya kliniki kama panya wameisaza, cheti cha ubatizo au cha falaki, cheti cha kumaliza shule ya msingi, kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura, na barua ya mtendaji. Kusanya nyingi uwezavyo, kila moja na nakala yake.

Huna hata moja? Nenda parokiani au usharikani ulikobatiziwa. Vitabu vya ubatizo vya huku kwetu vinatunzwa vizuri ajabu, na vingi vina tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi. Mpe katibu mwaka wa ubatizo na jina la msimamizi wako, ataliona jina lako haraka zaidi.

6. Mpakani, jua mipaka ya cheti

Kama mtoto alizaliwa hospitali ya ng’ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda, cheti chake kinaombwa Uganda, kwenye mamlaka yao ya NIRA, si Rubwera. Usidanganye mahali pa kuzaliwa ili kufupisha safari. Na tukumbushane: cheti kinasema ulizaliwa wapi na nani, hakisemi wewe ni raia wa wapi. Tulioishi wilaya hizi wakati wa Operesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji haramu wa mwaka 2013, tunajua maswali ya uraia yanavyokuja bila hodi, kwa hiyo tunza na karatasi za wazazi pia.

7. Omba kwa simu, lakini kwa namba YAKO

Maombi siku hizi yanafanyika pia kwenye mfumo wa eRITA. Unafungua akaunti, unajaza taarifa, unapandisha picha za viambatisho, unapata namba ya malipo (ile kontroo namba), unalipa kwa simu au kwa wakala. Raha tupu! Ila wengi wetu tunajaziwa na kijana wa steshenari, na kijana, ili amalize haraka, anaweka barua pepe yake na namba yake. Ujumbe ukija unakwenda kwake. Naye mwezi ujao kahamia Bukoba.

Kwa hiyo simama hapo hapo. Namba iwe yako, barua pepe iwe yako, nenosiri uliandike mwenyewe kwenye daftari. Picha za karatasi zipige mchana, karatasi ikiwa mezani karibu na mlango, bila kuwasha taa ya simu inayoacha doa jeupe juu ya mhuri.

8. Usisubiri matokeo ya kidato cha sita

Kuna misimu ambayo dirisha la vyeti linajaa kama chanda cha kukamatia senene. Mmoja ni katikati ya mwaka, wakati vijana wanaomba mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Ni hatua mbili: kupata, kisha kuhakiki. Kijana wako akiwa kidato cha tano, tayari ni wakati! Msimu mwingine ni wa kuandikisha darasa la kwanza.

Haraka hiyo ndiyo chakula cha vishoka. Akikufuata mtu nje ya geti akisema anaweza kukutolea cheti leo leo bila fomu, msalimie kwa adabu na uendelee na safari. Cheti chake kitapendeza ukutani, lakini uhakiki utakikataa, na dirisha la mkopo litafungwa ukiwa unamtafuta kwa simu isiyopatikana. Lipa kwa namba ya malipo tu, na risiti uihifadhi.

9. Soma kabla hujaondoka dirishani

Ukishakabidhiwa, usikimbilie kupiga picha ya kurusha kwenye kundi la ukoo. Simama pembeni, usome: jina, tarehe, jinsia, kijiji, mama, baba. Ukikuta kosa hapo hapo, unageuka hatua tatu na kumwambia karani. Ukiligundua ukiwa Nkwenda, ni safari nyingine.

Sasa ndiyo piga picha, na hakikisha namba ya ingizo inasomeka. Cheti kikipotea, namba hiyo pamoja na taarifa ya upotevu ya polisi vitaokoa siku nyingi za kupekua vitabu. Tuma picha kwa watu wawili watatu unaowaamini, maana simu nazo huibiwa. Laminesheni mimi siipendi. Karatasi ikishabanwa na plastiki, haigongeki mhuri tena, na plastiki ikianza kuchubuka inaondoka na wino. Nunua faili ya plastiki ya mfuko, ukiweke humo, kisha ndani ya begi, si kwapani. Mvua za Karagwe zinaanza bila kutoa tangazo.