Je, Kuna Dawa ya Kujikinga na Dawa ya Wadudu?

Pita mashamba ya mchicha na bamia huko Kisauni au Likoni, utamkuta mtu na bomba la dawa mgongoni, miguu mitupu. Muulize haogopi? "Mimi nakunywa maziwa kwanza, sumu hainipati." Wengi twaamini hivyo, nami niliamini.

Sumu inayozungumzwa hapa ni ya jamii ya oganofosfeti. Mmoja wao umo ndani ya unga wa Actellic Super uliotumika miaka mingi kuhifadhi mahindi ghalani. Ndugu zake wakali ni gesi za vita: somani, na sarini iliyoua watu kwenye treni za Tokyo mwaka 1995.

Neva ikitaka msuli ufanye kazi hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kazi ikiisha, kuna kimeng'enya kinachoivunja. Sumu hukikalia kimeng'enya hicho, basi asetilikolini inarundikana: mate na jasho vyatiririka, mboni za macho zasinyaa, kifua chabana, halafu degedege. Degedege hiyo isipokatizwa upesi huua seli za ubongo, hata aliyepona huenda akabaki msahaulifu.

Sasa, dawa ya kukinga kweli ipo. Yaitwa piridostigimini, na kwa kawaida hutibu ugonjwa wa udhaifu wa misuli. Katika Vita vya Ghuba vya 1991 askari wa Marekani na Uingereza walipewa vidonge vya miligramu 30 kila baada ya saa 8. Inavyofanya kazi ni kama matatu ya Changamwe asubuhi: rafiki akuwekea mkoba kwenye kiti, jitu lenye gunia likose pa kukaa; ukifika, mkoba waondolewa. Dawa hukalia sehemu tu ya vimeng'enya, kisha huviachia. Sumu ikishakaa, bwana, haitoki kirahisi!

Lakini mkoba huo hauingii ubongoni, maana dawa hiyo haivuki ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Tena peke yake haifai kitu. Askari alitakiwa adungwe atropini mara tu gesi ilipompata. Marekani iliipitisha rasmi mwaka 2003 kwa somani tu, kwa kuwa somani hung'ang'ania kimeng'enya kwa dakika chache hata isibanduke. Sumu za shambani huchukua saa nyingi zaidi, hivyo mkulima hana haja ya vidonge hivyo. Na maziwa je? Hayakingi hata kidogo.

Ubongo huokolewa hospitali: atropini, hewa ya oksijeni, na diazepamu ya kukata degedege. Kabla ya kufika huko, mgonjwa avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Asilazimishwe kutapika. Chupa ya dawa ibebwe pamoja naye, ikiwa na karatasi yake, ili daktari ajue ni sumu ya jamii gani. Ile iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haimwambii daktari lolote.